Ukinunua mapambo ya kale, anza kuangalia ndani

Muuzaji atakuonyesha pambo kwa mbele. Mimi hulipindua kwanza. Bangili ya shaba iliyovaliwa kweli hulainika upande wa ndani, inaposuguana na ngozi, na kingo zake hupoteza ukali. Ukikuta nje pana weusi wa uzee huku ndani bado pana mikwaruzo ya tupa, ujue imezeeshwa juzi.

Kwenye shanga, chungulia tundu. Ushanga uliokaa uzini miaka mingi hulika kingo za tundu na huwa bapa pale unapogusana na jirani yake. Uzi mpya usikutishe, maana shanga hutungwa upya kila uzi unapokatika. Wala usishangae kuambiwa kwamba ushanga wa kioo wenye nyota umetoka Murano, Italia. Vioo vya huko vimeingia Afrika kibiashara kwa karne nyingi, na Wakrobo wa Ghana husaga vioo vya kigeni wakavichoma upya kuwa shanga zao. Anayesema hizo si za asili, mwache.

Panapoliza watu ni kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka kuwa kama jiwe. Zile shanga nene za manjano za Afrika Magharibi, nyingi ni sandarusi, utomvu ambao haujakomaa kuwa kaharabu, au bakelaiti, plastiki ya zamani. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka igome kuyeyuka, kisha tumbukiza ushanga mmoja: bakelaiti huzama, kaharabu na sandarusi huelea. Uliobaki juu udondoshee tone la spiriti karibu na tundu, mahali pasipoonekana. Ukianza kunata, ni sandarusi. Bakelaiti nayo siidharau, zipo zilizovaliwa na mabibi, ila silipi bei ya kaharabu.

Pembe za ndovu sigusi kabisa. Biashara yake ya kimataifa ilifungwa mwaka 1990 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kujitetea mpakani kwamba "ni ya zamani" bila hati ni kujitafutia kesi.

Kisha uliza: lilivaliwa na nani, lini, limefikaje hapa? Kwa Wamasai, pambo laweza kukuambia rika la mtu au kama ameolewa. Likishang'olewa kwenye maelezo yake, linabaki shanga tu. Ndiyo maana mimi hulipa zaidi kwa mkufu wenye kiraka na historia kuliko mzima usiojulikana ulikotoka. Muuzaji akikwepa swali, rudisha, maana vitu vya ibada huibwa.

Ukifika nalo nyumbani, usilisugue kwa limau wala dawa ya kung'arisha shaba. Mafuta na udongo mwekundu ulioganda kwenye pambo la ngozi ni sehemu ya ulichonunua. Brashi laini, kavu, inatosha.