Masasisho yanayopotea kila asubuhi

Sheikh, unasema kompyuta za maktaba huko Chake Chake, Pemba, unazisasisha usiku ukiwa Unguja, asubuhi zimerudi vilevile. Hapo hakuna virusi, ni kinga ya diski inafanya kazi yake: mashine ikiwashwa upya, kila kilichoandikwa kinafutwa, masasisho nayo yakiwemo.

Ondoa kinga, washa upya, sasisha, rudisha kinga. Kama kinga yenyewe ni UWF (Unified Write Filter), ile inayokuja na Windows yenyewe, andika `uwfmgr servicing enable` kwa ruhusa ya msimamizi kisha washa upya. Itavuta masasisho ya Windows na kujifunga tena yenyewe. Kama ni Deep Freeze, programu nyingine ya kinga kama hiyo, unaipangia saa za matengenezo, yaani muda wa kujifungua ili masasisho yaingie.

Ila usianze na zote! Jaribu moja kwanza, siku ambayo mkutubi yupo, maana ikigoma kuwaka itabidi upande boti. Na mwambie asizime swichi ya ukutani anapofunga. Mimi wiki mbili nzima nililaumu mtandao, kumbe mlinzi alikuwa akizima kila kitu baada ya Isha, tena kwa nia njema kabisa, kuokoa umeme.