Hiyo si Voi, ni Mackinnon Road

Kaka, umeuliza kama picha hiyo ya garimoshi na msikiti nyuma yake ni Voi. Hapana, hapo ni Mackinnon Road, kituo kingine cha reli ya zamani ya Mombasa–Nairobi, Kenya. Msikiti ulio ubavuni kabisa mwa reli ni ule wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri wa barabara ya Mombasa husimama kuomba dua na kutoa sadaka. Yeye mwenyewe anakumbukwa kama mjenzi wa reli hiyohiyo. Wazee husimulia kwamba karai lake lilielea juu ya kichwa bila kukigusa.

Voi ungeiona tofauti. Pale njia za reli ni nyingi, kwa sababu ndipo tawi la Taveta linapochepuka, na vilima vinaonekana karibu. Picha yako ina nyika tambarare tu, vichaka vya Taru mpaka upeo wa macho.

Kwa picha nyingine, tafuta ubao wa jina. Stesheni nyingi za reli ya zamani ziliandikwa kimo chake kutoka usawa wa bahari kwa futi, hivyo hata jina likifutika namba inaweza kukusaidia.

Nilishuka hapo Mackinnon Road mwaka jana. Nyasi zimepanda mpaka kizingitini, dirisha la tiketi limepigiliwa mbao. Tangu abiria wahamie SGR, reli mpya ya kisasa, mwaka 2017, vituo vidogo kama hiki vimeachwa vijifie. Inaniuma sana. Tafadhali ihifadhi hiyo picha katika ukubwa wake wa asili, na uandike nyuma mwaka ilipopigwa.