Matairi ya ndege ya porini: anza na udongo, siyo na picha

Kila kijana anayekuja kujifunza ufundi wa ndege ndogo huku Kusini hunionyesha picha ileile kwenye simu: kindege cha Alaska, Piper Super Cub, kimekalia matairi ya inchi 31 yaliyovimba kama maputo, kimetua juu ya mawe ya mtoni. Kisha swali: "Fundi, kwa nini na sisi tusifunge haya?"

Mdogo wangu, umeshamwona mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya korosho kwenye mchanga? Akiona gurudumu linazama, anapunguza upepo. Kwenye ndege hesabu ni hiyohiyo. Chukua tairi la nyuma la Cessna 206, ndege ndogo ya abiria na mizigo, lililobeba kilo 700. Ukilijaza upepo wa kama psi 28 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 2, kwa hiyo tairi linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 350 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya karatasi ya A4. Punguza upepo hadi nusu, unapata karatasi nzima na ziada. Hicho ndicho unachonunua unaponunua tairi kubwa: ruhusa ya kutumia upepo mdogo bila rimu kugonga chini. Ukifunga tairi kubwa halafu ukalijaza likawa gumu kama jiwe, umenunua uzito tu.

Sasa rudi kwenye picha yako. Super Cub, kwa kibali chake cha asili, haifiki kilo 800 ikiwa imejaa. Cessna 206 inapita 1,600. Mchanga usioizamisha Super Cub unaweza kuizamisha 206, na tena 206 ina gurudumu la mbele. Kwenye mchanga hilo ndilo linalotangulia kuchimba. Nimeona watu wakikuza matairi ya nyuma peke yake, mkia ukapanda, pua ikainama, propela ikasogelea changarawe. Ukikuza nyuma, tazama na mbele. Kwa 206 hatua ya kawaida ni kutoka saizi ya 6.00-6 nyuma na 5.00-5 mbele kwenda 8.00-6 nyuma na 6.00-6 mbele. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya mwisho ni kipenyo cha rimu, zote kwa inchi. Kwa viwanja vingi vya porini nilivyofanyia kazi upande wa Liwale, hayo yametosha kiangazi chote. Masika ni habari nyingine: udongo mweusi ukilowa, tatizo siyo kuzama tu, ni tope kujazana ndani ya vifuniko vya magurudumu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Vifuniko vile tunavitoa kabla mvua hazijaanza, hata rubani akilalamika kuhusu spidi.

Na spidi atailalamikia kweli, maana tairi kubwa linakamata upepo njia nzima. Breki nazo zinapungua nguvu. Tairi la 8.50-6 lina kipenyo cha inchi 22 hivi, la 6.00-6 lina 17.5, breki ni ileile, lakini nguvu inayofika ardhini inapungua karibu moja ya tano. Kwenye kiwanja kifupi chenye miti mwishoni hilo si jambo dogo.

Uzito usikubali kuambiwa, pima. Niliwahi kuamini maneno ya muuzaji mmoja kwamba seti yake ni nyepesi, nikafunga, nikaja kupima baadaye. Kila safari rubani alikuwa anaacha mzigo chini kwa ajili ya uvivu wangu. Siku hizi napima tairi, tyubu, rimu na bolti zake pamoja, kwa sababu ndivyo vinavyopaa pamoja.

Kwenye rimu, watu watakusifia magnesi, metali nyepesi kuliko alumini, kwa wepesi wake. Ni nyepesi, sawa. Lakini ndege inayolala Mtwara au Lindi inalala na chumvi ya bahari, na magnesi ikichubuka rangi huliwa haraka. Mimi pwani huku napendelea alumini, hata ikizidi uzito kidogo. Mwenye magnesi asiache mchubuko hata mmoja bila kuupaka rangi, na kila akifungua akague nyufa kwenye matundu ya bolti.

Yale matairi laini ya Alaska yana tatizo jingine kwetu: yanalika upesi kwenye lami. Ukianzia lami ya Mtwara kila asubuhi, utayamaliza kabla hujafika mchangani mara za kutosha.

Upepo mdogo nao una hila. Rubani akishika breki, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu, likaburuta tyubu na kuikata valvu. Chora mstari mmoja mwekundu kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika na vipande vikaachana, usiruhusu ndege iondoke.

Karatasi pia: saizi isiyo kwenye vibali vya ndege hiyo haifungwi mpaka idhini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ipatikane, hata kama inaingia vizuri.

La mwisho nalisema kila siku na bado watu wanalisahau. Rimu ya ndege ni nusu mbili zilizoshikwa kwa bolti. Ukilegeza bolti tairi likiwa na upepo, nusu moja inaweza kukurukia kifuani. Mzee aliyenifundisha hakuwa na maelezo mengi. Alinyoosha kiganja, nikamwekea kile kisindano cha ndani ya valvu kinachozuia upepo kutoka, akakitia mfukoni, ndipo akanipa spana.