Kabla hujapiga nyundo ya kwanza, lizunguke jengo

Mara ya kwanza niliposhika bati la asbesto, madini ya nyuzi, katika kazi yangu ya kubomoa majengo, sikujua nimeshika nini. Lilikuwa paa la stoo, la kijivu, lenye mawimbi. Kijana tuliyekuwa naye alilipiga nyundo, likapasuka kama biskuti, na kwenye ukingo uliovunjika zikachomoza nyuzi fupi nyeupe, laini kama sufi. Tulifagia vipande kwa ufagio mkavu hadi vumbi likatujaa kwenye kope. Jioni nikarudi nyumbani na nguo zilezile, nikambeba mwanangu. Hilo la mwanangu linaniuma hadi leo.

Nyuzi zile ni nyembamba mno. Ukizivuta hukaa mapafuni, na saratani ya utando wa mapafu inaweza kujitokeza miaka 20, 40, au hata zaidi baadaye. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mbona mimi nimebomoa miaka kumi na niko mzima?", usimsikilize.

Siku hizi sitaji bei kabla ya kuingia ndani. Natazama paa, dari, vifuniko vya mabomba ya maji moto, vigae vya plastiki vya sakafuni na gundi nyeusi iliyo chini yake. Macho hayatoshi kutambua asbesto, hivyo mtaalamu huchukua sampuli ndogo iliyoloweshwa na kuipeleka maabara. Usidhani ni mambo ya majengo ya kale tu: Uingereza yenyewe ilikataza aina iitwayo asbesto nyeupe mwaka 1999 tu.

Majibu yakithibitisha, kazi hiyo waachie waliofunzwa na wenye kibali. Wewe simamia tu uone inafanywa sawasawa: bati linanyunyizwa maji, skrubu zinafunguliwa, bati linashushwa zima kwa mikono, linafungwa plastiki nene mara mbili na kuandikwa onyo. Wavae vipumulio vya daraja la P3, lile la juu la kuchuja vumbi, maana kitambaa puani hakizuii kitu.

Mwenye jengo atalalamika kuwa unamchelewesha. Mweleze hesabu ilivyo: bati moja likisagwa na tingatinga, rundo zima la kifusi linaweza kuhesabika taka ya sumu, na gharama ya kulitupa itazidi mara nyingi ile ya kuliondoa bati mapema. Mimi huyaandika haya kwenye mkataba kabla hatujasaini.

Yaliyobaki ni mepesi kidogo, ila yana madhara yake. Taa za tyubu za floresenti (si za LED) zina zebaki, kwa hiyo zitoe zikiwa nzima na uzipange kwenye boksi. Rangi ya zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Usiichome wala kuipiga msasa mkavu. Mafuta ya transfoma kuukuu yanaweza kuwa na PCB, kemikali zenye sumu zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, mkataba wa kimataifa wa kuzuia sumu zinazodumu. Gesi ya friji na viyoyozi itolewe kwa mashine na fundi wake. Tangi la mafuta, hata likiwa tupu, lina mvuke unaoweza kulipuka, basi lisikatwe kwa moto kabla halijasafishwa na kupimwa. Kinyesi cha popo na njiwa darini nacho kiloweshwe kabla ya kuguswa, maana vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu.

Halafu waambie vibarua wako mapema, wote, kwa lugha wanayoielewa: nguo za kazi zibaki pale pale kazini, na kila mtu aoge kabla hajaondoka, hata kama gari la kurudi linamsubiri.