Je, kuandika majonzi kunayapunguza au kunayaongeza?

SWALI: Mpendwa mshauri, mume wangu alifariki mwaka jana. Tangu nimalize eda, kila usiku watoto wakishalala huandika daftarini habari za ugonjwa wake na za deni la salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) alilotuachia. Wifi yangu ananikataza, akisema anayeandika msiba anauhifadhi. Binti yangu, kwa upande wake, anataka niyaweke maandishi hayo mtandaoni ili wajane wengine wayasome. Nifuate lipi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Dada yangu, pole sana. Usiache kuandika, ila usiandike kila usiku.

Mwaka 1986, watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha nchini Marekani utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo yaliyowaumiza, wakieleza tukio pamoja na hisia zao, walihitaji matibabu mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida, ingawa walipoweka kalamu chini walikuwa na huzuni zaidi. Huenda huzuni hiyo ndiyo wifi yako anayoiona usoni mwako, na hajakosea kuiona.

Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku hadi siku, yalizidi kutafuta sababu na kuelewa, badala ya kurudia kilio kilekile. Kwa hiyo chagua siku chache, robo saa tu, mapema kabla ya kulala, uandike kuhusu lile deni na hasira linayokutia. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na ni adabu njema, lakini mjane aliyeachiwa deni ana haki ya kuuliza kwa nini, na daftari linaweza kulipokea swali hilo bila kumvunjia mtu heshima. Jambo likikuelemea, liache, uandike jingine. Ukikosa usingizi kwa majuma, au ukijiwa na mawazo ya kutaka kufa, usingoje: nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, umwone daktari.

Kuhusu mtandaoni, mwambie binti yako asubiri. Ukijua kwamba mashemeji watasoma, utalificha deni, nalo ndilo linalokuumiza. Baadaye, moyo ukitulia, mnaweza kuchagua pamoja kurasa chache, bila jina la marehemu wala la anayewadai.