Ubingwa wa kulala chini

SWALI: Babu anashikilia kwamba kuna bondia Mjerumani aliyepewa ubingwa wa dunia akiwa amelala ulingoni. Ananitania?

JIBU: Hakutanii, mjukuu. Huyo ni Max Schmeling, New York, Juni 1930. Jack Sharkey alimpiga chini ya mkanda raundi ya 4, akaondolewa mchezoni, na taji la uzito wa juu likaenda kwa aliyekuwa akigaagaa kwa maumivu. Mwaka 1932 Sharkey alilichukua kwa pointi, uamuzi ambao mimi siukubali hadi leo. Ila babu asiishie hapo! Schmeling aligundua kwamba bondia Mmarekani Joe Louis hushusha mkono wa kushoto akisharusha ngumi, na 1936 akamwangusha raundi ya 12. Waliporudiana 1938, Louis alimmaliza kwa sekunde 124.