Hongera haimshughulishi, tuktuk ndiyo yake

SWALI: Mwanangu ana miaka 5 na ana usonji. Akivaa kiatu mwenyewe namwambia "Hongera, baba!", wala hageuki. Ikipita tuktuk nje, mbio dirishani. Nimejaribu kumpa kashata, siku ya tatu akaisukuma. Nifanyeje?
Mama wa Likoni

JAWABU: Mama, hajakudharau. Ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo striatamu, inayofanya kazi kwa dopamini, kemikali ya ubongo: ndiyo inayompa mtu hamu ya kurudia jambo lililomfaa. Tafiti za MRI (kipimo cha kupiga picha za ubongo) zilizochambuliwa kwa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kuwa kwa wenye usonji sehemu hii mara nyingi huitikia kwa unyonge tabasamu na sifa, hata pesa, lakini huwaka ikiletewa kitu wanachokipenda mno. (Huo ni wastani wa makundi, usiende kumlipia mtoto MRI kwa ajili hiyo.)

Basi tumia tuktuk, ila kwanza hakikisha kuwa ndiyo aipendayo zaidi. Chukua vitu 4, kwa mfano kigari cha tuktuk, video yake, kashata na puto. Mwekee viwili viwili achague, mpaka kila kimoja kikutane na vyote vingine: mara 6. Badilisha kulia na kushoto, kwani wapo watoto wanaochukua cha upande mmoja tu.

Kwenye viatu, usingoje avae vyote. Mguu ukishaingia, sema "Umevaa kiatu!" na papo hapo, ndani ya sekunde 2 au 3, mpe alichokichagua mara nyingi zaidi, tuseme video ya nusu dakika. Ukichelewa akawa ameshakivua, umemlipa kwa kuvua. Neno litangulie zawadi kila mara. Hivyo ndivyo sifa inavyoanza kupata ladha kwake. Akizoea siku kadhaa, zawadi ingoje kiatu cha pili, kisha kufunga mkanda.

Kashata ilishindwa pengine kwa kuwa aliipata kipande kizima, na jioni akala tena bure. Mkato wa ukubwa wa ukucha unatosha, na usionekane wakati mwingine wowote. Wala usimtolee zawadi akiwa analia ili anyamaze, maana atajifunza kulia.

Na kama ana tuktuk ya kuchezea anayolala nayo, usiiguse, hiyo ni ya kumtuliza. Nunua nyingine, uiweke juu ya kabati, ishuke kwa kazi ya viatu tu.